Ndugu Wawili na Nyimbo Zisizotulia

(Hotuba kwa wanamuziki vijana wa Unguja na Pemba, Mji Mkongwe. Imeandikwa kutoka kwenye rikodi na kupunguzwa pale jenereta lilipozidi sauti ya msemaji.)

Assalaamu alaykum. Walimu wangu mliokaa mbele, wazee wa firka zetu za taarab, na nyinyi wanangu mliojaa huko nyuma mpaka ngazini, ahsanteni kwa kuja. Nimetakiwa nizungumze juu ya ziara: kikundi kinajiandaa vipi, kinasafiri vipi, na kinarudi na nini. Najua wengi mnasubiri niseme habari za viza na mikataba. Nitazigusa. Lakini kwanza nataka kukuchukueni mbali, Marekani, kwa kaka na dada ambao humu ndani, kama nawajua watu wangu, hawajuulikani isipokuwa na wanafunzi wawili watatu niliowalazimisha kuwasikiliza.

Kundi lao linaitwa The Fiery Furnaces. Kaka ni Matthew Friedberger, dada ni Eleanor. Wamekulia Oak Park, ubavuni mwa Chicago, na kundi lilianza New York mwaka 2000. Albamu yao ya mwanzo ilitoka 2003, na ya pili, Blueberry Boat, ikatoka 2004, zote chini ya lebo huru ya Uingereza, Rough Trade. Muziki wao ni pop, lakini pop ya watu wenye vichwa vyao. Wimbo unaanza na kinanda, ghafla gitaa linaingia kati, mdundo unabadilika bila hodi, na dada anaimba maneno mengi mbiombio kama karani wa forodha anayesoma hati ya mizigo. Kiitikio ulichokuwa ukikingojea huenda kisije kabisa. Wimbo wa kwanza wa ile Blueberry Boat unapita dakika 10, na albamu nzima ni dakika 76.

Huko kwao jambo hilo lilizusha maneno. Wako wahakiki waliowasifu mno, wako waliosema wanatuchezea akili. Mimi hucheka. Mtu aliyelelewa na nyimbo za Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarab kilichoanza 1905, dakika 10 ataziogopa kwa lipi? Dakika 10 sisi bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu wa kufungulia, ndiyo kwanza imemaliza kukaribisha watu, muimbaji anapangusa jasho, na bi mkubwa wa mstari wa mbele bado anatafuta noti ya kutunza ndani ya mkoba. Urefu haujapata kutushinda sisi.

Na wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu ile, nyinyi wa Pemba mtaupenda. Una chombo baharini, maharamia wanakivamia, na nahodha mwanamke anakataa katakata kuwapa shehena yake ya matunda. Nikiusikiliza huwaza wale wazee wa Wete na Micheweni wenye hadithi za karafuu za magendo, usiku, mashua haina taa, na Mombasa iko mbele. Hadithi kama hizo kwetu zimejaa tele, na sijasikia aliyezitia kwenye wimbo wa dakika 10 wenye mawimbi, doria na kisirani cha nahodha ndani yake. Lakini hilo nimelichopeka tu, naona Wapemba wameanza kutazamana.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Watu hawa walipotoka kwenda ziarani hawakwenda kupiga nyimbo kama zilivyo kwenye albamu. Kila safari walizivunja wakazijenga upya. Safari moja gitaa liko juu, safari nyengine vinanda vimeshika usukani, na mdundo uliokuwa wa polepole umekuwa wa mbio. Maneno unayatambua, na sauti ya dada unaitambua, ila nyumba ni nyengine. Zaidi ya hapo, katika ziara zao za miaka ile ya mwanzo walikuwa na tabia ya kutosimama. Walianza wimbo wa kwanza, wakakata kipande, wakaingia wa pili, wakarudi kwenye ubeti wa ule wa kwanza, wakaruka kwenye wa tano, mfululizo, hata msikilizaji asijue apige makofi wapi.

Waandishi wa kule waliona hiki ni kioja. Jamani, kidumbaki ni nini? Nendeni harusini shamba, au Ng'ambo hapo, usiku kidumbaki kikipigwa. Fidla moja, sanduku la besi lenye uzi mmoja, vidumbaki viwili, cherewa, na mtu na mikwasa yake anagonga meza. Wakianza ndiyo wameanza. Wimbo wa taarab uliokuwa umekaa kwenye kiti na tai shingoni unavuliwa koti, unatiwa mbio, unaunganishwa na mwengine na mwengine, na akina mama hawakai chini mpaka mpiga fidla mwenyewe aamue. Tazameni mkono wa mpiga fidla pale anapotaka kubadilisha wimbo. Hasemi kitu. Anaupinda upinde kidogo, anarudia kipande kifupi mara mbili, na muimbaji anajua kwamba ubeti unaokuja ni wa wimbo mwengine. Hapo hakuna karatasi wala ishara ya mtu wa mitambo. Ule mgeuko wa mkono ndio elimu ya jukwaani, na tunao hapa, unafanywa na watu ambao hatuwaiti hata kwenye semina. Na leo sijamuona hata mmoja aliyealikwa, nasema hilo mbele ya walioandaa, wanisamehe.

Kwa hiyo sikukuleteeni Wamarekani hawa muige. Nawaleta kwa sababu wamekifanya kwenye majukwaa makubwa ya dunia kitu ambacho sisi tumekifungia harusini, na tukitoka nje ya nchi tunakificha. Kikundi chetu kikipata mwaliko wa Ulaya, la kwanza kinachofanya ni kuzigandisha nyimbo. Kila mtu anakariri mpangilio mmoja, dakika zimehesabiwa, mpaka tabasamu limefanyiwa mazoezi. Jukwaa la kwanza mzuri. La tano mzuri vile vile, yaani vile vile kabisa, na mpiga dumbaki anapiga huku anafikiria chakula. Nyinyi mliosafiri mnanielewa, msijifanye.

Wao mwaka 2008 walitoa albamu ya maonyesho yao ya jukwaani, inaitwa Remember, vipande 51. Hawakuchagua onyesho moja bora wakalirikodi. Walichukua maonyesho mengi ya ziara mbalimbali, wakayakatakata na kuyaunga, hata wimbo mmoja ukaanza katika ukumbi mmoja kwa mpangilio mmoja na ukaendelea katika ukumbi mwengine kwa mpangilio mwengine, na sauti ya rikodi nayo inabadilika, mara safi, mara ya mkwaruzo. Kuisikiliza yote kwa mkao mmoja ni adhabu, sikudanganyeni. Lakini mwanafunzi wa muziki anayetaka kujua wimbo mmoja unaweza kuwa na sura ngapi, aitafute. Kwangu mimi ile ni daftari la mazoezi lililotolewa hadharani.

Na hapa niseme ninapotofautiana nao. Kuna mahali walipitiliza. Mtu kalipa kiingilio, kaja kwa ajili ya wimbo mmoja uliomliwaza siku za shida, kisha anapigiwa kipande cha nusu dakika, tena kimegeuzwa asikitambue. Huyo umemdhulumu. Katika taarab msikilizaji ana haki yake: anatoka kwenye kiti chake kwa madaha, anakuja kutunza kwenye ubeti uleule unaosema habari yake na jirani yake, na kila mtu ukumbini anajua nani anasemwa. Ukiukata ubeti ule umemkata na yeye. Basi geuzeni mdundo, geuzeni vyombo, anzeni katikati mkitaka, lakini ubeti wa watu muacheni mtu auone unakuja, apate kuinuka.

Mtauliza ndugu wanaingia wapi katika yote haya. Wanaingia pakubwa. Kuvunja wimbo kila safari ni kazi ya ugomvi. Mmoja anaupenda ulivyo, mwengine anataka kuupindua, na mazoezini maneno yanatoka. Kikundi cha watu baki kina adabu nyingi: mtu anaogopa kumwambia mwenziwe kwamba ile sehemu yake inachosha, kwa vile kesho huenda asije. Ndugu hawana hofu hiyo. Dada anamkatiza kaka katikati ya sentensi, na saa moja baadaye wanakula sahani moja. Wahenga wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wapigaji wa nyuma waliopata kufanya kazi na kundi la ndugu wanaijua sana hali hii: usichague upande, chukua chombo chako, tyuni, subiri.

Sikatai kwamba ugomvi mwengine unavunja. Liam na Noel Gallagher wa Oasis, Waingereza, walivunja kundi Paris mwezi wa Agosti 2009, usiku ambao watu walikuwa wakiwasubiri tamashani, na hawakurudi jukwaani pamoja mpaka Julai 2025, kule Cardiff. Karibu miaka 16! Na karibu na sisi, akina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakapitia Arusha na kufika Nairobi 1971, wakaanzisha Simba Wanyika. Wapigaji wao kadhaa waliondoka 1978 na kuunda Les Wanyika, lakini kundi lenyewe la ndugu halikufa pale. Sikilizeni magitaa ya Simba Wanyika, lile la kuongoza na lile la mdundo, namna yanavyopishana bila kugongana. Magitaa yale yamezungumza sana kabla ya kufika studio.

Friedberger nao walikuwa na njia yao ya kutatua ubishi. Mwaka 2009 walitoa albamu, kisha kila mmoja kwa upande wake akazirikodi upya nyimbo zilezile anavyoziona yeye, na zote zikatolewa. Wewe umeshikilia yako, na mimi yangu, haya, watu wasikilize. Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hilihili na limezaa matunda mazuri, na kununiana kidogo.

Hawakuishia wawili. Mwaka 2005 walimuingiza studio bibi yao, Olga Sarantos, bibi wa umri wa miaka ya themanini aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa la Orthodoksi la Kigiriki. Wakamkalisha mbele ya maikrofoni asimulie, na mjukuu akaimba sehemu za bibi alipokuwa kijana. Sauti nzito ya mtu mzima na sauti nyepesi ya mjukuu zinapokezana, habari za Chicago ya zamani, mapenzi, kwaya, maduka, watu waliokufa. Ile ndiyo albamu yao iliyotukanwa kuliko zote, na ndiyo ninayoirudia. Sisi tuliomuona Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, akipanda jukwaani na umri wake ule na kuwazima vijana, hatuna cha kushangaa kuona bibi na maikrofoni. Ninachoshangaa ni kwamba majumbani mwetu wamo mabibi wanaojua nyimbo za unyago, za msewe na za kazi ya kuchuma karafuu, na wajukuu wao ni wapigaji wazuri tu wa kinanda, na hawajawahi kukaa chumba kimoja na rikoda ikiwa wazi.

Haya, viza na nauli, niliahidi. Mtaona kwamba yanarudi palepale. Firka ya taarab kamili ina watu 20 na ushei. Mwaliko unaokuja unasema tiketi 5, pengine 6. Ukiwa nyimbo zako zina sura moja tu, ya firka nzima, umekwama: ama unakataa mwaliko, ama unakwenda na pleibeki, muziki uliokwisha rikodiwa, kwenye fleshi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurikodi hakubeba firka. Alikwenda na wapigaji wachache, na sauti ile ikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Wimbo unaojua kuishi na watu 20 na unajua kuishi na watu 4 ndio wimbo unaosafiri. Na mpiga dumbaki akinyimwa viza siku mbili kabla ya safari, jambo ambalo waliokaa mbele hapa wanalijua vizuri, nyinyi mliozoea kugeuza mnakaa usiku mmoja, mnagawana kazi yake, mnaondoka.

Vyombo pia. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Ipakieni kwenye boti Malindi hapa mjini, ikifika Mkoani kule Pemba hewa ya bahari ishafanya kazi yake, na mwenye ganuni atakaa na ufunguo wake mkononi, uzi mmoja baada ya mwengine, sikio limeinama juu ya mbao, na waandaaji wamemsimamia wanauliza "bado?" Bado. Kwenye ndege baridi hufanya vibaya zaidi. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na nyimbo mbili tatu za kufungulia zisizohitaji ganuni, fidla na ngoma ziwashike watu, naye mwenye ganuni apate robo saa yake nyuma ya pazia.

Fedha. Ndugu wasidanganyane kwa undugu. Nani kaandika maneno, nani katia sauti, yaandikwe mapema, kila mtu na jina lake, na wimbo usajiliwe. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu 2003. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya ndugu huisha na salamu pia. Kwa hili sina zaidi.

Tamasha la Sauti za Busara, tangu 2004, limeshikilia kwamba Ngome Kongwe watu wapige vyombo vyao mbele ya macho ya watu, hakuna pleibeki. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka ule ndio tuliojua nini tunacho. Mkipata nafasi pale Februari, nendeni na nyimbo zilizogeuzwa. Wageni hawajui ya zamani, na wenyeji wataijua tofauti mara moja, na hao ndio majaji wenu.

Friedberger wenyewe walisimamisha kundi 2011. Dada aliendelea na albamu zake peke yake, na kaka na kazi zake. Walikuja kuitwa kwenye tamasha la Pitchfork, mjini kwao Chicago, 2020, korona ikalifuta, wakapiga 2021. Muongo mzima, na walirudi wawili vilevile, nyimbo zikiwa bado hazijatulia.

Nimeona mkono kule. Sema, mwanangu, simama tusikie.

(Kijana mmoja aliuliza: anapiga kila jioni katika hoteli moja ya pwani, na meneja anataka nyimbo zilezile kwa namna ileile, ule wa kukaribisha wageni usipungue mara mbili. Afanye nini?)

Huyo meneja analipa, na nyumbani kuna watu wanakula. Mpe wake. Mara mbili, na tabasamu. Lakini nakuuliza na mimi: mnapiga kwa muda wa saa ngapi? Tatu. Na wageni wanakula kwa muda wa saa ngapi? Basi ile saa ya mwisho, meneja kesha kwenda kuhesabu fedha, wamebaki wanandoa wawili na wahudumu wanaokunja vitambaa, hiyo ni yenu. Anzeni na ule ule wimbo wa kukaribisha, uvueni koti, utieni mwendo wa kidumbaki, muunganishe na mwengine wa bibi yako, na mwangalieni muhudumu wa meza ya kona. Akianza kutikisa bega, rudieni kipande hicho kesho yake. Na nduguyo anayepiga besi, yule mliyenuniana, simuoni leo. Mwite aje mazoezini Jumanne, mwambie mimi ndiye niliyesema.